Maumivu Sugu ya Kiuno na Umbo la Diski: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Watu wengi wenye maumivu ya kiuno yaliyopita miezi mitatu hufika kwa mtaalamu wakitoa kwanza bahasha ya kaki, kabla hawajaeleza wanaumia wapi. Ndani ya bahasha mna ripoti ya MRI, na ndani ya ripoti mna sentensi moja iliyowanyima usingizi: diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imevimba na inagusa neva. Sentensi hiyo ikifika mtaani huitwa "pingili zimesagika", na tangu siku hiyo mtu haokoti kitu kilichoanguka, habebi mtoto, na hulala juu ya ubao. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Unaanza na dalili kama watu wanavyozieleza, unapanga vyanzo vyake kuanzia kinachopatikana zaidi hadi cha nadra, kisha ndipo unauliza kama umbo la diski lililoonekana kwenye picha linaweza kuwa ndilo linaloleta dalili hiyo. Mara nyingi jibu ni hapana, na pale jibu linapokuwa ndiyo, zipo alama zinazotambulika hata bila mashine.

Dalili zinazotangulia zote: usijipime, nenda hospitali

Ganzi katika sehemu za mwili zinazogusa tandiko la baiskeli, yaani msamba, sehemu za siri na eneo linalozunguka njia ya haja kubwa, ni dharura, hasa ikiambatana na kushindwa kukojoa, mkojo kutoka bila mtu kuhisi, haja kubwa kutoka bila kuzuilika, au miguu yote miwili kulegea. Uti wa mgongo wenyewe, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kinachoendelea chini ya hapo ni fungu la neva lililofananishwa tangu zamani na mkia wa farasi, na diski iliyotoka kwa wingi inaweza kulibana fungu zima kwa mara moja. Hali hiyo hutibiwa kwa upasuaji wa haraka, na muda wake huhesabiwa kwa saa. Mgonjwa asisubiri tarehe ya kliniki, asikandwe, na asikubali kuchomwa sindano ya maumivu kisha arudishwe nyumbani.

Vivyo hivyo kwa unyayo unaozidi kuanguka siku hadi siku, maumivu yanayoambatana na homa au kupungua uzito bila sababu, maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, na maumivu makali baada ya kuanguka kutoka mtini, kwenye ngazi au kwenye pikipiki. Kwa mzee, au kwa mtu aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu, hata kuteleza bafuni kunatosha kuvunja pingili.

Diski ikoje, na ripoti inasema nini hasa

Mgongo una diski 23, na tano kati ya hizo ni za kiuno. Kila diski ina kiini laini chenye maji mengi, kilichozungukwa na tabaka za nyuzi ngumu zinazopishana kwa mshazari, zikikishika kama tairi la baiskeli linavyoishika tyubu. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula huifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye pingili, kupitia bamba jembamba la gegedu lililo juu na chini. Neva nazo, katika diski yenye afya, huishia katika theluthi ya nje ya zile tabaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya diski inaweza kubadilika umbo bila mwenye nayo kupata habari.

Umbo hilo halitulii hata kwa siku moja. Mchana diski hukamuliwa maji na uzito wa mwili, usiku huyafyonza tena, na ndiyo maana mtu huwa mfupi jioni kwa takriban asilimia 1 ya urefu aliokuwa nao asubuhi. MRI nayo hupigwa mtu akiwa amelala chali, mkao ambao diski hazina mzigo mkubwa.

Maneno ya ripoti yana maana mahususi, na kuyachanganya kumeleta hofu nyingi isiyo na sababu. Diski *iliyovimba* ni ile ambayo ukingo wake umepita ukingo wa pingili katika zaidi ya robo ya mzingo. Kwa istilahi za wataalamu wa picha, hiyo haihesabiwi kuwa diski iliyotoka. Diski *iliyochomoza* imetoka mahali pamoja, lakini shina la mchomozo bado ni pana kuliko kichwa chake. Diski *iliyomwagika* ina kichwa kilichozidi shina, kama uyoga. *Iliyomeguka* ni ile ambayo kipande chake kimekatika na kukaa peke yake ndani ya mfereji wa neva. Liko jambo jingine ambalo ripoti fupi hulisahau: ukingo wa nyuma wa diski za juu za kiuno kwa kawaida huwa umebonyea ndani, ilhali ule wa diski ya mwisho, iliyo juu ya sakramu, yaani mfupa ulio chini ya kiuno, huwa umenyooka au hata umetuna kidogo kwa mtu asiye na tatizo lolote. Mtuno huo ukisomwa kwa haraka huandikwa kuwa ugonjwa.

Dalili: kiuno kinauma, mguu hauumi

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na ndilo ambalo picha hulieleza vibaya zaidi.

Chanzo kinachopatikana zaidi ni maumivu yasiyoweza kupewa jina la kiungo kimoja. Misuli, kano, viungo vidogo vya pingili, usingizi mbovu, kazi ya mkao mmoja na mfumo wa neva uliozoea kupiga kengele ya hatari, vyote vinachangia, na hakuna kipimo kinachotenga mchango wa kila kimoja. Jibu hilo haliwaridhishi wagonjwa, nami naelewa kwa nini: mtu aliyelipia MRI kwa fedha za kuuza ng'ombe anataka jina la ugonjwa. Hata hivyo, jina lisilo sahihi lina gharama kubwa kuliko kukosa jina.

Chanzo cha pili ni diski yenyewe, bila neva kubanwa. Zile tabaka za nje zikichanika, neva ndogo zinaweza kukua kuelekea ndani ya ufa. Na bamba la gegedu likiharibika, mfupa uliopakana nalo huvimba na kubadili rangi kwenye MRI, mabadiliko yaliyoainishwa mwaka 1988 na daktari Michael Modic na wenzake. Maumivu ya aina hii huwa katikati ya kiuno, huzidi mtu akiinama, akikaa muda mrefu au akikohoa, na hupungua akitembea.

Chanzo cha tatu ni viungo vidogo vya nyuma ya pingili, hasa kwa watu wenye umri mkubwa, ambao huumia zaidi wakisimama muda mrefu au wakijipinda kwenda nyuma. Cha nne ni kiungo kinachounganisha sakramu na nyonga. Maumivu yake hukaa chini ya mstari wa mkanda wa suruali, upande mmoja, na huwapata sana wanawake wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Cha mwisho ni magonjwa yaliyo nje ya mgongo, kama vile mawe ya figo, matatizo ya kizazi na kutanuka kwa mshipa mkuu wa damu tumboni. Kwetu mpangilio huu mara nyingi hugeuzwa juu chini: kila kiuno kinachouma huitwa UTI sugu au ngiri, mtu akamaliza dozi tatu za antibayotiki kabla hajaulizwa kama maumivu hubadilika akiinama. Maumivu ya figo hayajali mkao. Maumivu ya mgongo yanajali.

Kipimo cha kwanza, basi, ni daftari. Kwa wiki moja andika ni mkao gani unaoongeza maumivu, upi unaoyapunguza, na yanachukua dakika ngapi kubadilika. Kisha lala kifudifudi dakika 5, uinuke kwa kuegemea viwiko dakika 5 nyingine, na uangalie kama maumivu yanasogea katikati au yanatawanyika. Umuhimu wa kusogea huko uligunduliwa kwa bahati mwaka 1956 huko New Zealand, pale mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alipomkuta mgonjwa wake amelala kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande wake wa kichwa ulikuwa umeachwa umeinuliwa, mkao ambao wakati huo ulidhaniwa kuwa wa hatari, naye akasema maumivu ya mguu yameondoka. Maumivu yanayorudi kutoka pembeni kwenda katikati ni dalili njema, hata kama katikati panauma zaidi kwa muda. Yakishuka mguuni, acha.

Sasa turudi kwenye ripoti. Mwaka 1994 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha utafiti wa Maureen Jensen na wenzake, waliowapiga MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo: asilimia 52 walikuwa na angalau diski moja iliyovimba, asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza, na asilimia 1 tu walikuwa na iliyomwagika. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake wakakusanya tafiti zilizojumuisha watu 3,110 wasio na maumivu, wakaona diski zilizovimba kwa asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 84 ya wenye umri wa miaka 80. Uvimbe wa diski, kwa hesabu hiyo, unafanana na mvi. Nisizidishe, lakini: kundi hilohilo la watafiti lilipowalinganisha watu wa umri wa miaka 50 na chini, wenye maumivu na wasio nayo, maumbo yaliyobadilika yalionekana zaidi kwa wenye maumivu. Umbo lina neno lake, hasa kwa kijana. Ila haliwezi kusimama kama shahidi wa pekee, na diski iliyomwagika, kwa kuwa ni nadra kwa wazima, ina uzito mkubwa wa ushahidi kuliko iliyovimba.

Tiba ya hatua ya kwanza ni kuendelea kujongea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, unapendekeza elimu, mazoezi, tiba ya kisaikolojia na baadhi ya tiba za mikono, na hauungi mkono mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo wala dawa za kundi la afyuni. Utafiti wa Australia uliotoka kwenye *The Lancet* mwaka 2024, uliohusu watu 701 waliotoka kupona maumivu ya kiuno, ulionyesha kwamba wale waliopangiwa kutembea na kupewa maelekezo walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla maumivu hayajarudi, ilhali waliobaki bila mpango walikaa siku 112. Kutembea hakuhitaji ada.

Kuhusu kuinama na kubeba, kipo kipimo kinachofaa kujulikana. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani waliweka kihisi cha mgandamizo ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea. Akiwa amelala chali, mgandamizo ulikuwa megapaskali 0.1, akisimama, 0.5; akiinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda, 2.3, akiinua uzito uleule kwa kukunja magoti, 1.7, na akiushika karibu na kifua, 1.1. Akikaa kwa kujiachia alikuwa na 0.46, pungufu kidogo ya kusimama, jambo lililowashangaza waliokuwa wamefundishwa kwamba kukaa ndiko kunakoua diski. Ni mtu mmoja tu, kwa hiyo tusijenge ghorofa juu yake, lakini anatosha kumwonyesha anayepakia magunia sokoni kwamba umbali wa mzigo kutoka kifuani una athari kubwa kuliko mkao wa kukaa kwenye kiti.

Nenda kwa mtaalamu ikiwa wiki 6 za kujongea kwa mpango hazijaleta nafuu yoyote, au maumivu yamebadili tabia.

Dalili: maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti

Hapa umbo la diski linaanza kuwa na sauti. Chanzo kikuu kwa mtu wa umri wa kati ni diski iliyochomoza au kumwagika ikigusa mzizi wa neva, yaani mahali neva inapotoka mgongoni, jambo lililothibitishwa na madaktari wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, katika makala yao ya mwaka 1934. Anayefuata ni mfupa uliokua na kubana tundu la neva, zaidi kwa wazee. Baada ya hao wako wengine ambao hawamo kwenye diski kabisa. Nyonga iliyoharibika huuma kwenye kinena na humfanya mtu ashindwe kuvaa soksi, na hali hii huwapata sana wenye selimundu. Kisukari huleta ganzi ya nyayo zote mbili kwa usawa. Mkanda wa jeshi unaweza kuchoma kama moto siku kadhaa kabla vipele havijatokea. Sindano ya tako iliyochomwa mahali pasipofaa nayo huweza kujeruhi neva ya siatiki, ile neva kubwa inayoshuka nyuma ya mguu. Muulize mgonjwa kama maumivu ya mguu yalianza dakika ileile aliyochomwa.

Vipimo rahisi ni vitatu. Tembea kwa visigino hatua 10: mguu ukishindwa kuinua vidole, mzizi wa tano wa kiuno ndio unaoshukiwa, na kwa kawaida diski inayohusika ni ile iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano. Simama kwa mguu mmoja ukishika ukuta, uinuke kwa ncha ya vidole mara 10: ukishindwa upande mmoja tu, mzizi wa kwanza wa sakramu ndio unaoshukiwa, na diski ni ya mwisho. Kisha lala chali, mtu mwingine ainue mguu wako ulionyooka. Maumivu yakiteremka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, neva imebanwa au imewashwa. Mvuto wa nyuma ya paja peke yake hauhesabiwi.

Hatua inayofuata ni kulinganisha, nayo ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Ikiwa mguu unaouma ni wa kulia na ganzi iko juu ya unyayo kuelekea dole gumba, picha ionyeshe diski inayougusa mzizi wa tano upande wa kulia. Ikionyesha mchomozo upande wa kushoto, au kwenye diski ya juu, basi picha na mguu havizungumzi lugha moja, na upasuaji uliofanywa kwa kufuata picha hiyo utakuwa umetibu karatasi.

Zikilingana, bado haraka haihitajiki, maadamu hakuna udhaifu unaozidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba diski hunywea zenyewe kwa wengi: asilimia 96 ya zilizomeguka, 70 ya zilizomwagika, 41 ya zilizochomoza, na 13 tu ya zilizovimba. Watu husikia hesabu hiyo na kudhani imeandikwa kinyume. Kipande kilichotoka nje kinakutana na damu, na mwili hukiona kigeni ukakila, ilhali kilichobaki ndani ya tabaka zake hakifikiwi. Umbo linalotisha zaidi kwenye picha, kwa hiyo, ndilo lenye matumaini makubwa zaidi ya kutoweka.

Nchini Uholanzi wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya siatiki kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubiri na kupasuliwa pale tu ilipobidi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipona haraka, lakini ulipotimia mwaka mmoja asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Anayepaswa kuamua ni mgonjwa anayejua kazi yake na uvumilivu wake, akishauriana na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu au mifupa. Unyayo ukianza kuanguka, mazungumzo hayo yafanyike wiki hiyohiyo.

Dalili: miguu inachoka na kufa ganzi nikitembea, nikiinama napona

Kwa mtu aliyepita miaka 60, chanzo cha kwanza ni mfereji wa neva uliofinywa kwa pamoja na diski zilizovimba, kano zilizonenepa na viungo vilivyokua. Hapa hata uvimbe mdogo wa diski una maana, kwa sababu nafasi imekwisha. Chanzo cha pili ni mishipa ya damu ya miguu iliyoziba, kwa wavutaji sigara na wenye kisukari.

Wa kwanza hupona kwa kukaa au kuinamia mbele, na huweza kuendesha baiskeli mwendo mrefu ingawa hawezi kutembea hadi msikitini; wa pili hupona kwa kusimama tu, na baiskeli humchosha vilevile. Gusa pia mapigo ya damu juu ya unyayo. Yakikosekana, tatizo si la mgongo, na kliniki ya kwenda ni nyingine.

Dalili: asubuhi mgongo umekauka kama ubao

Ukakamavu unaoisha ndani ya dakika 30 ni wa kawaida kwa diski zilizojaa maji ya usiku. Usiiname kwa nguvu katika nusu saa ya kwanza. Mwenye shamba aanze na kazi ya kusimama kabla ya jembe. Ukakamavu unaopita nusu saa, ulioanza kabla ya umri wa miaka 45, unaopungua kwa mazoezi na kuzidi kwa kupumzika, humwelekeza daktari kwenye baridi yabisi ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao ni nadra Afrika kusini mwa Sahara lakini upo.

Dalili: maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mkao wowote

Katika Afrika Mashariki sehemu hii isomwe mara mbili. Kifua kikuu cha mgongo, kilichoelezwa na mpasuaji wa London Percivall Pott mwaka 1779, huanza polepole kwa maumivu ambayo kwa miezi hufanana na ya kawaida, kisha huja jasho la usiku, uzito kupungua, na mwishowe kibyongo. Diski hupungua kimo, pingili zilizopakana nayo huliwa, na msomaji wa picha mwenye haraka huandika "diski imechakaa". Kikohozi kinaweza kisiwepo kabisa. Mwenye VVU, au aliyekaa na mgonjwa wa TB, alitaje jambo hilo bila kusubiri kuulizwa. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya.

Brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, huwafuata wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa, ikija na homa inayokwenda na kurudi. Saratani ya tezi dume na ya matiti hupenda kuhamia kwenye pingili. Kwa mwenye selimundu, pingili hubonyea katikati kwa kukosa damu, na diski huonekana nene kuliko kawaida, ingawa kilichobadilika ni mfupa. Katika hali zote hizi mtu asikandwe wala asinyooshwe mgongo na yeyote kabla ya kupimwa damu na kupigwa picha.

Dalili: picha imekuwa nzuri, maumivu yamebaki

Wale wagonjwa wa Uholanzi walipigwa MRI tena baada ya mwaka mmoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Diski iliyotoka ilionekana bado kwa asilimia 35 ya waliopona vizuri na kwa asilimia 33 ya ambao hawakupona. Mtu akiangalia picha hizo asingeweza kujua nani anaumwa. Maumivu yaliyokaa muda mrefu yanaweza kuendelea bila kidonda kinachoyalisha, kwa sababu neva na ubongo vimejifunza kuyatoa. Usingizi, hofu na kuacha kazi huyakuza. Kurudia MRI kila mwaka hakusaidii, isipokuwa dalili zimebadilika au upasuaji unapangwa.

Marekebisho yanayorudiwa bila faida

Sindano za diklofenaki za kila wiki huleta nafuu ya siku mbili na madhara kwa figo na tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au ujauzito asizitumie bila daktari. Dawa za unga zisizo na lebo, zinazouzwa kwa jina la mitishamba ya mgongo na kuondoa maumivu kwa usiku mmoja, zishukiwe kuwa zimechanganywa na steroidi. Kukandwa kwa upole hakuna ubaya ikiwa dalili za hatari hazipo, mradi mkandaji asidai kwamba "ameirudisha diski". Diski haishikiki kwa vidole. Iko mbele ya mfereji wa neva, nyuma ya tumbo, imefungwa kwa kano pande zote.

Anayekwenda kwa bingwa achukue CD ya picha zenyewe pamoja na ile karatasi, kwa kuwa daktari atataka kuuona ukingo wa diski kwa macho yake, na achukue daftari la wiki moja lililotajwa hapo juu. Kwenye mchoro wa mwili apake kalamu mahali panapouma na, kwa rangi nyingine, mahali penye ganzi, kabla hajairuhusu bahasha ifunguliwe.